Milimita 50 Kati ya Bahari na Nondo

Nondo huanza kuliwa miaka mingi kabla ya ufa wa kwanza kuonekana. Mwenye nyumba wa pwani huja kujua mwishoni: michirizi ya kahawia chini ya roshani, kisha ufa ulionyooka unaofuata nondo kwa urefu wake, kisha kipande cha zege kinadondoka na chuma kinabaki wazi, kimevimba, kinabanduka matabaka kwa kucha. Fundi huitwa. Hupiga lipu, hupaka rangi, na baada ya misimu michache ya kusi na kaskazi michirizi inarudi, safari hii pembeni kidogo ya pale ilipokuwa. Watu husema ni hewa ya bahari, na hawakosei. Lakini chumvi ya hewani inapenyaje kitu kigumu kama zege, ikakifikia chuma kilichozikwa ndani yake, wakati ukuta kwa nje ni mzima kabisa?

Jibu lake ni habari ya vitu vidogo mno vinavyopita katika vitundu vidogo mno. Kanuni ya mwendo wao imejulikana tangu karne ya 19, na inasema jambo ambalo kila anayejenga karibu na bahari, kuanzia Lamu hadi Mtwara, Unguja na Pemba, anastahili kuambiwa kabla ya siku ya kumwaga zege. Jambo lenyewe hupimwa kwa futi kamba.

Tuanze na zege lenyewe. Saruji inapokutana na maji hubadilika, ikazaa kitu kigumu kinachofunga mchanga na kokoto pamoja. Maji yanayohitajika kwa kazi hiyo si mengi: kwa mfuko wa kilo 50, lita 20 hivi zinatosha. Zege la lita 20 ni zito na linachosha mikono, kwa hiyo kwenye saiti nyingi ndoo huongezwa, zikawa lita 30, hata 35. Maji ya ziada hayana saruji ya kuungana nayo. Hukaa katikati ya mchanganyiko yakishikilia nafasi, na yanapokauka nafasi hizo hubaki wazi, nyingi zimeungana, vinjia vinavyotoka usoni mwa ukuta hadi ndani. Vilivyo vikubwa vina upana wa maikromita chache. Vingi ni vya makumi ya nanomita, na unywele wa binadamu ni mnene kuliko kinjia cha nanomita 50 kwa zaidi ya mara elfu moja. Ndani ya saruji iliyoganda kuna vitundu vya nanomita chache tu.

Sasa mpitaji. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na kati ya hizo gramu 19 ni kloridi. Mawimbi yanapopasuka kwenye miamba, matone madogo hubebwa na upepo, hukauka angani, na chumvi yake hutua kwenye kuta, mabati na madirisha. Ukungu wa asubuhi au mvua ya vuli huiyeyusha, na kila chembe ya kloridi, yaani ioni, inaingia kwenye vinjia vilivyojaa maji. Ioni hiyo, pamoja na molekuli za maji zinazoambatana nayo, haifiki upana wa nanomita moja. Kwake yeye zege lina milango kila mahali.

Kinachoisukuma si upepo wala uzito. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown, akichungulia kwa hadubini chembe zitokazo kwenye chavua, aliziona zikitetema na kuhamahama ndani ya maji bila kutulia. Alijaribu na vumbi la mawe, kitu kisicho na uhai hata kidogo, nalo likatetema vilevile. Mwaka 1855 tabibu kijana wa Kijerumani, Adolf Fick, akifanya kazi mjini Zürich, aliweka chumvi chini ya chombo, juu yake maji matamu, akafuatilia namna chumvi inavyopanda yenyewe. Aliona inafuata hesabu ileile ambayo Mfaransa Joseph Fourier aliitumia kuelezea joto linavyosafiri: chumvi hutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo, na kadiri tofauti ilivyo kubwa katika umbali mfupi, ndivyo inavyomiminika kwa wingi. Kabla yake, mwaka 1833, Mskochi Thomas Graham alikuwa ameshatoa kanuni ya gesi zinavyopishana kupitia kizibo cha jasi chenye vitundu.

Maelezo ya kwa nini yalingoja mwaka 1905, Albert Einstein alipoonyesha kwamba molekuli za maji, zenyewe zikiwa hazitulii, huigonga chembe kutoka kila upande. Leo inasogezwa kushoto, kesho kulia, mara mbele, mara nyuma, bila mpango. Jean Perrin, mjini Paris, alizifuatilia chembe hizo kwa hadubini na vipimo vyake vikakubaliana na hesabu; kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1926. Ndani ya hesabu ya Einstein ndimo limo jambo ninalotaka msomaji alibebe. Chembe iliyopiga hatua 100 za kubahatisha haiko hatua 100 kutoka ilipoanza. Kwa kawaida iko hatua 10 hivi. Ikipiga hatua 10,000, iko hatua 100. Umbali haukui sawia na muda. Hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Kwenda mbali mara mbili kunataka muda mara nne. Kwenda mbali mara tatu kunataka muda mara tisa.

Katika maji yaliyotulia kabisa, ioni ya kloridi husogea sentimita mbili hivi katika siku ya kwanza. Ungedhani mita moja itaimaliza kwa siku 50. La. Kwa kusambaa peke yake, bila mkono wa kukoroga wala mkondo, mita moja inachukua karibu miaka minane.

Ndani ya zege safari ni ngumu zaidi. Mgeni anayetoka Forodhani akitaka kufika Darajani kwa kupita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar anaijua shida hii: hakuna mstari ulionyooka, kichochoro kinapinda, kingine kinaishia kwenye mlango wa nyumba ya mtu, kingine ni chembamba hadi wawili hawapishani. Ioni ina shida hizo zote na nyingine juu yake, kwa sababu kuta za zege hukamata. Sehemu ya kloridi huungana na madini ya alumini yaliyomo kwenye saruji na kuwa chumvi nyingine isiyosafiri, na sehemu nyingine hunata tu kwenye kuta za vitundu. Kwa jumla, katika zege lililotengenezwa kwa uangalifu kloridi hutawanyika polepole kuliko katika maji matupu kwa mara elfu moja au zaidi. Katika zege la ndoo za maji bila kipimo, tofauti hiyo hushuka hadi mara mia moja hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwitaliano Mario Collepardi na wenzake waliichukua kanuni ya Fick wakaipeleka ndani ya zege, na tangu hapo wahandisi wana njia ya kuipima safari hii. Ukuta hutobolewa tabaka kwa tabaka, unga wa kila tabaka hupimwa kloridi yake, na umbo la mteremko kutoka nje kwenda ndani hueleza chumvi inasafiri kwa kasi gani na itafika lini kwenye chuma.

Tufanye hesabu kwa zege zuri la kawaida, lile la mara elfu moja na ushei. Katika mwaka wa kwanza kloridi hufika kina cha milimita 8 hivi. Mwaka wa pili haifiki 16, inafika 11. Kina cha milimita 25, ambayo ni inchi moja, hufikiwa baada ya miaka 10. Kina cha milimita 50 hufikiwa baada ya miaka 40. Rudia kusoma namba hizo mbili. Inchi ya kwanza ilinunua miaka 10, na inchi ya pili, ya zege lilelile kwa gharama ileile, imenunua miaka 30 zaidi. Sasa geuza upande wa pili. Nondo iliyofunikwa kwa milimita 15 ina miaka mitatu na nusu. Iliyofunikwa kwa milimita 10 haimalizi miaka miwili.

Namba hizi si tarehe za kuandika kwenye kalenda, maana chumvi haiji kama jeshi lenye mstari wa mbele. Zipo ioni zilizotangulia na zilizochelewa, na chuma huanza kuharibika zikishakuwa nyingi kiasi fulani. Nyumba iliyo nyuma ya miti kilomita moja kutoka ufukweni hupata muda mrefu kuliko ile inayotazama mawimbi. Lakini uwiano haubadiliki: mara mbili ya unene, mara nne ya muda. Na ubora wa zege nao una neno lake. Zege likiwa bovu kiasi cha kupitisha chumvi kwa wepesi mara kumi, zile milimita 50 za miaka 40 zinabaki na miaka minne.

Ndiyo maana siwezi kukubali usemi wa saiti kwamba nondo ikilala juu ya mbao za fomu hakuna neno, plasta itafunika. Plasta ya mchanga mwingi na saruji kidogo ni kitu chepesi kupenywa kuliko zege, na haiwezi kuhesabiwa kama kinga. Nondo inapaswa kuinuliwa kwa vitofali vidogo vya saruji vilivyofinyangwa kwa unene unaotakiwa, vikawekwa chini na pembeni kila baada ya hatua chache, vikafungwa kwa waya ili visihame watu wanapokanyaga. Ni kazi ya mchana mmoja. Kokoto au kipande cha tofali la udongo kilichookotwa hapo hapo hakitoshi, kwa sababu hicho nacho huwa njia. Kanuni za ujenzi za Ulaya, kwa zege la kawaida katika sehemu zinazopigwa na mawimbi, zinataka angalau milimita 45, halafu kwa kawaida huongezwa 10 kwa kutambua kwamba hakuna nondo inayokaa palepale ilipochorwa. Wale waliozitunga walijua kazi ya mikono ilivyo.

Chumvi ikishafika, kinachotokea kinafaa kuelezwa polepole. Maji yaliyomo ndani ya vitundu vya zege yana alikali kali sana, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba mno unaokilinda. Humo chuma kinaweza kukaa mamia ya miaka. Kloridi huutoboa utando huo, doa moja hapa, doa jingine pale, na kwenye doa chuma huanza kuyeyuka. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichotoweka, mara mbili hadi mara sita kutegemea aina yake. Zege hustahimili kukandamizwa lakini halistahimili kuvutwa, kwa hiyo hupasuka kutoka ndani. Na ufa ukishatokea, kanuni ya Fick haina kazi tena, kwa sababu maji ya chumvi sasa yanaingia yenyewe kama kwenye bomba.

Watu hushangaa kwamba nguzo za gati huharibika zaidi pale mawimbi yanapopanda na kushuka kuliko chini, zilikozama moja kwa moja. Sababu ni mpitaji wa pili. Kutu inahitaji oksijeni, nayo husambaa ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa mara 10,000 hivi. Kwenye zege lililozama, vitundu vimejaa maji mwaka mzima. Kloridi imejaa tele lakini oksijeni hailetwi. Palipo na maji kujaa na kupwa, vitundu hulowa vikapokea chumvi, hukauka vikapokea hewa, na kila kukauka huacha chumvi nzito zaidi. Ukuta unaonyunyiziwa na upepo uko katika hali inayokaribia hiyo.

Wala wa bara wasijione salama. Hewa ya ukaa nayo huingia kwenye vitundu hivyohivyo, huungana na alikali ya zege na kuimaliza, na utando wa chuma hupoteza ulinzi wake bila chumvi kuhusika. Nayo hufuata kipeuo cha pili cha muda. Mhandisi akivunja kipande na kukinyunyizia kemikali iitwayo fenolfthalini, sehemu ambayo alikali yake ingali hai hugeuka rangi ya waridi kali na sehemu iliyokwisha haibadiliki. Mpaka kati yake huonekana kwa macho, kwa milimita.

Kuna hasara moja isiyongoja msambao wa aina yoyote, nayo ni ile ya kuichanganya chumvi ndani tangu siku ya kwanza. Mchanga wa ufukweni huja na chumvi yake. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana ladha ya chumvi, na mara nyingi ndiyo hayohayo yanayojaza pipa la kuchanganyia zege kwa kuwa maji ya bomba hayapo siku hiyo. Hapo milimita 50 haziokoi kitu. Mpitaji amezaliwa ndani. Kuna pia desturi ya kuacha nondo za nguzo zimechomoza juu ya paa zikingoja ghorofa ya pili, miaka mitano, miaka kumi. Naijua sababu yake, ni matumaini ya familia inayojenga kwa kudunduliza, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Ila nondo hizo zinakusanya chumvi usiku na mchana, na kuzifunika kwa zege hafifu la muda au kuzipaka uji mzito wa saruji unaorudiwa kila mwaka ni gharama ndogo kuliko kuja kuzimwagia zege zikiwa zimeshalika.

Kumwagilia zege baada ya kulimwaga nako kunafaa kutazamwa kwa jicho hili. Wengi wanaamini ni kwa ajili ya nguvu. Ni kweli, lakini faida yake kubwa pwani ni kwamba saruji inayoendelea kupata maji huendelea kukua ndani ya vinjia na kuviziba, na tabaka la nje, ambalo ndilo ngao ya nondo, ndilo linalokauka kwanza jua likiwaka. Siku saba ni za chini kabisa. Saruji zilizochanganywa majivu ya volkano, ambazo ni nyingi katika maduka ya Kenya na Tanzania, zinataka zaidi ya hapo, kwa sababu majivu hufanya kazi taratibu. Lakini yakipewa maji na muda huacha vitundu vidogo zaidi, na zege lake huizuia kloridi vizuri kuliko la saruji tupu. Warumi walijenga bandari zao kwa chokaa na majivu ya volkano ya Ghuba ya Napoli, na baadhi ya zege hilo bado liko baharini baada ya miaka 2,000.

Warumi, hata hivyo, hawakutia chuma ndani. Wala hawakutia waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambao sehemu yake kubwa iliongezwa karne ya 14. Chumvi imo ndani ya kuta hizo kwa wingi. Huingia, hutoka, hugandamana juu kama unga mweupe, humega lipu ya chokaa, na lipu hupigwa upya. Ukuta wa chokaa unapumua, na ndiyo maana kuupiga lipu ya saruji, jambo linalofanywa mara nyingi katika nyumba za kale za pwani kwa nia njema, huudhuru: unyevu hukosa pa kutokea, na chumvi hugandamana nyuma ya lipu, ndani ya jiwe lenyewe, ikalimega.

Sisi tumechagua zege lenye chuma, na tuna sababu nzuri, kwa kuwa ghorofa na daraja refu havijengwi kwa matumbawe. Ulinzi mwingine upo kwa wenye uwezo. Kule Progreso, katika pwani ya Yucatán nchini Mexico, kuna gati lililojengwa kati ya mwaka 1937 na 1941 kwa nondo zisizoshika kutu. Limesimama hadi leo. Gati jingine lililojengwa kando yake baadaye, kwa nondo za kawaida, liliharibika na kuanguka kitambo. Nondo za namna ile ni ghali mara kadhaa kuliko hizi zetu, na mjenzi wa nyumba ya vyumba vitatu hawezi kuzinunua. Vitofali vidogo vya kuinulia nondo anaviweza, na maji ya kupima kwa ndoo yenye alama anayaweza.

Kwa nyumba ambayo michirizi imeshatokea, yafaa kujua kwa nini kiraka hurudisha ugonjwa pembeni yake. Chuma kinachooza mahali pamoja huwa kinailinda sehemu ya jirani yake, kwa kuwa umeme mdogo wa kutu hupita kati ya sehemu hizo mbili na moja ndiyo inayolika. Fundi akitoa zege bovu pale tu lilipodondoka na kuweka jipya, safi, chuma cha hapo kinapona, na kile cha jirani, ambacho bado kimezungukwa na chumvi ya miaka mingi, kinakuwa ndicho kinacholika, tena kwa kasi. Kwa hiyo zege lenye chumvi lote liondolewe, si lililopasuka peke yake. Livunjwe mpaka nyuma ya nondo, kidole kiweze kupita, na fundi afuate chuma mpaka afike kinapokuwa kisafi, kisha aongeze urefu zaidi ya hapo. Nondo iliyopungua unene iongezewe nyingine. Na kwa roshani au slabu, mhandisi aitwe na mirunda isimamishwe chini yake kabla ya nyundo ya kwanza, kwa sababu hakuna anayeweza kujua kwa kutazama tu chuma kilichobaki ni kiasi gani.